Kizibao Kilichoita Ngoma

Jumamosi, 23 Novemba

Iwe wazi kwa vizazi vyote vijavyo, vya hapa Vermont na vya ng'ambo ya mto: leo, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi Alden Prouty, mwitaji wa ngoma za kontra za kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nimekamilisha kazi ya kuhamisha ngoma zangu zote mia moja na kumi na nne kutoka kadi nyeupe kwenda kadi nyeusi. Wino wa kung'aa, rangi ya limau. Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa peke yangu jikoni.

Sababu ni ya kitaalamu. Tangu tuache fidla na kuanza kucheza kwa muziki wa kompyuta, taa za ukumbi huzimwa, zikawashwa za zambarau, zile zinazofanya meno ya watu yang'ae kama macho ya swala barabarani. Mwezi huu wino wangu wa bluu ulitoweka kabisa kwenye kadi. Nikaita "zungusha jirani yako" mara nne mfululizo. Watu wakazungushana mpaka mama mmoja akaenda kukaa karibu na ndoo. Haitatokea tena.

Wasiojua hudhani mwitaji ni mtu wa kupiga kelele tu. Hapana! Watu husimama mistari miwili mirefu, kila mmoja akitazamana na mwenzi wake. Jozi hucheza na jozi. Baada ya mapigo sitini na manne, kila jozi husogea nafasi moja na kukutana na jozi mpya. Ngoma ikiisha umeshikana mikono na mstari mzima. Wote wameshikana, isipokuwa mmoja. Huyo yuko jukwaani, anawaambia la kufanya nusu pumzi kabla hawajalifanya. Ndiye mimi. Miaka kumi na mmoja sasa.

Baadaye kazini. Dampo la mji, Jumatano na Jumamosi, nasimamia mapipa. Saa nne akaja Delphine Tatro, mfuga nyuki, na chupa zake. Huwa hamwagi kama wengine. Hutupa moja moja, anasikiliza kila moja ikivunjika. Akaniambia anahama. Dada yake wa Maine kavunjika nyonga, hana wa kumsaidia. Anaondoka Jumanne ya tarehe kumi Desemba. Kwa hiyo ngoma yangu ya tarehe saba ndiyo ya mwisho kwake hapa.

Nikamwambia chupa za kahawia ni pipa la tatu.

Sijawahi kucheza na Delphine hata mara moja. Namtazama kutoka juu. Naujua utosi wake kuliko ninavyoujua uso wangu. Lazima nicheze naye. Ngoma moja tu! Nina wiki mbili, na nina akili. Wiki mbili zinatosha.

Jumapili, 24 Novemba

Mpango umezaliwa saa tisa usiku, nikaubeba kanisani kama mtoto wa kubatizwa.

Nilimvizia Bi Eunice Farnham baada ya ibada. Ana miaka sabini na sita, anapiga kinanda cha kanisa tangu miaka thelathini na minne iliyopita. Mpiga fidla wetu alipohamia Florida kukimbia baridi, Bi Eunice alinunua kompyuta, akajifunza peke yake, na sasa ndiye anayetupigia muziki. Anaukata vipande vya mapigo sitini na manne kama anavyokata tenzi: hakuongezei pigo hata ukiwa unakata roho. Nilimkuta na vyombo vya masikioni juu ya kofia ya ibada, kichwa kinacheza.

Nikamweleza. Nirekodi sauti yangu nyumbani. Aitie ndani ya muziki, ngoma moja tu, ile ya mwisho kabla ya walsi ya kufungia jioni. Niwafundishe watu hatua taa zikiwa zinawaka, kama kawaida. Taa zizimwe. Sauti yangu ibaki juu ikiita, mimi nishuke gizani kucheza na Delphine. Fidla haziwezi jambo hili. Hii ndiyo faida ya maendeleo.

Bi Eunice akatoa chombo sikio moja. Akauliza kwa nini miaka yote hii sikuja Jumamosi ya tatu, anapoita Orrin Choate. Siku hiyo sina kazi jukwaani, ningecheza na Delphine mpaka soli zitoboke.

Nikamkumbusha Orrin ni mtu wa namna gani. Anatoka ng'ambo ya mto, New Hampshire. Anaita bila kadi, kwa kichwa, ili watu waone ana kichwa. Na miaka sita iliyopita aliita ngoma niliyoitunga mimi, *Foleni ya Dampo*, akautangazia ukumbi mzima kwamba mtunzi hajulikani. Hajulikani! Tangu siku hiyo nimeapa kutokanyaga ukumbi akiwa anaita. Na katika miaka yote sita hajawahi kuuliza niko wapi. Huo ndio ushahidi wa hatia yake.

Bi Eunice akasema Orrin aliipata kwenye karatasi isiyo na jina. Siku hizi kila akiiita hutaja jina langu, kwanza na mwisho.

Nikamwambia anataja kwa dharau.

Akauliza nimejuaje na sijawahi kuwapo.

Nikasema ni dharau ya kujulikana kwa mbali.

Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeimba ubeti wa tatu wakati wenzake wako wa pili. "Alden mwanangu," akasema, "wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tumengoja, tukangoja, magoti yameisha." Nimelichukulia neno hilo kama ridhaa.

Ametoa sharti moja. Nimwambie kabisa ngoma izunguke mara ngapi. Wapiga fidla ukiwainulia kidole wanakuongezea mzunguko. Kompyuta haitazami vidole. Nikapiga hesabu kichwani, haraka, kitaalamu. Mara tisa.

Jumatano, 27 Novemba

Ushindi mara mbili!

Kwanza: mtu wa mlimani kaleta kitundikio cha makoti, mti mweusi, juu kina tufe kama kichwa. Kimo changu hasa. Mabega yake, lazima nikiri, ni mazuri kuliko yangu. Nikakiokoa kabla hakijaingia kwenye mbao chakavu. Kitavaa kizibao changu cha mistari na kofia yangu ya kijani, kisimame nyuma ya kipaza sauti. Gizani nani atajua?

Pili: Delphine kaja na fremu kuukuu za mizinga. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba ngoma ya mwisho tarehe saba haitafanana na nyingine.

Akasema, "We Alden, ngoma zako zote hazifanani na nyingine. Hasa zile tunazopotea."

Akacheka. Hakuondoka. Alisimama pale anaisugua nta kidoleni. Kisha akasema jambo moja tu litamsikitisha: kuondoka bila kuniona nimeshuka kwenye lile jukwaa.

Nikamhakikishia jukwaa ni imara, lilikarabatiwa mwaka 2019, mbao za mwaloni.

Akanitazama kidogo. Akasema haya, kama ni mwaloni basi. Akaenda zake.

Nimeridhika. Ujumbe umefika.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Nimeshukuru kwa paja moja la bata mzinga na kipande cha pai ya boga kilichobaki kanisani. Nimeweka sahani moja. Nimeweka vikombe viwili, kimoja kina kalamu.

Saa nane simu ikalia. Orrin Choate! Mwenyewe! Nyuma yake nasikia watoto, masufuria, mbwa, mtu anaimba vibaya. Akanitakia heri. Akasema amesikia Delphine anahama. Akasema atavuka mto tarehe saba kuja kumuaga, na akija, kama nitapenda, atapanda jukwaani aniitie ngoma moja, au mbili, au jioni nzima. "Wee shuka ucheze, ndugu yangu. Mimi nakushikia tu kipaza sauti. Ukichoka kucheza nakurudishia."

Nakushikia tu! Namwona alivyo. Ataanza na kipaza sauti, aje kwa Jumamosi ya kwanza, mwisho achukue Vermont yote. Nikamkatalia kwa heshima. Yaani nilikata simu.

Hasira ikanipa nguvu. Nikaanza kurekodi hapo hapo, mezani, mifupa imesukumwa pembeni. Jaribio la kwanza nilicheza huku nikiita, mwenzi wangu ufagio, ili nipate hisia. Kosa la mwanafunzi! Nikawa naita hatua wakati naikanyaga, badala ya kuita kabla. Watu wangegongana vichwa. Jaribio la pili nikakaa. La tatu friji ikaanza kunguruma katikati. La nne nikafika kwenye maneno ya kuwachangamsha. Mwitaji mzuri hasemi hatua tu, hutia na chumvi. Nikasema kwa furaha, "Nawaona hapo chini! Mmependeza!"

Nikainua macho. Ukuta, kalenda ya duka la mbolea, ufagio.

Nimeacha kwa leo.

Jumapili, 1 Desemba

Theluji usiku kucha. Rekodi imekamilika! Jaribio la saba.

Mizunguko mitano ya kwanza naita kila hatua. Wa sita nusu nusu. Baada ya hapo nanyamaza, kama desturi, maana miguu ya watu inakuwa imeshika. Hapa na pale chumvi. Mzunguko wa tisa: "Mara ya mwisho!"

Kisha nikaona tundu. Muziki ukiisha na sauti ikanyamaza, watu watatazama jukwaani. Watashuku. Kwa hiyo nikaongeza mwishoni maneno ya kuziba tundu, ya kuwahakikishia mwitaji yuko pale pale alipo siku zote. Nayaandika hapa yalivyo, kwa sababu najivunia:

"Mshukuru mwenzi wako! Na sasa walsi ya mwisho, wawili wawili, taratibu. Mimi msinihangaikie. Nina kadi zangu huku juu. Mimi sihitaji mwenzi."

Nimeisikiliza mara tano. Inaaminika sana. Mara ya tano nilikaribia kujionea huruma, nikakumbuka kwamba ni hila.

Jumatano, 4 Desemba

Nimempelekea Bi Eunice rekodi. Akaisikiliza yote, tangu mwanzo, amefumba macho, vidole vinahesabu gotini. Mwishoni akafumbua. Akauliza kama nina hakika na kile kipande cha mwisho.

Nikasema ndicho kufuli la mpango mzima.

Akauliza, je, Delphine nimeshamwomba?

Nikasema limepangwa.

Akauliza tena: nimemwomba kwa maneno? Ya mdomo? Yanayotoka nje?

Nikamweleza kuwa kati ya watu wazima kuna mambo hayasemwi, yanaeleweka. Akashusha pumzi ndefu, ya mapigo manne kamili, akaiingiza sauti yangu kwenye kompyuta.

Nimefanya jaribio la kushuka, ukumbi mtupu. Kutoka nyuma ya jukwaa, kupitia jikoni, hadi sakafuni: sekunde ishirini na mbili. Ngazi ya tatu inalia. Nitairuka. Kitundikio nimekificha nyuma ya pazia, chini ya shuka. Nilipotoka nilikiambia kwaheri. Sijui kwa nini.

Delphine hakuja na chupa leo. Pengine hana tena za kutupa.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika nikiwa bado na viatu vya ukumbini.

Walikuja watu arobaini, pamoja na theluji yote. Chakula cha kuchangia kwanza, kama kawaida: kila mtu na bakuli lake. Orrin alikuja na maharage na mkono ulionyooshwa. Nikayapokea maharage. Delphine alivaa sketi ya buluu, na kila mtu alikuwa anamkumbatia, ikawa kama foleni ya mkate. Mimi nilikuwa napanga kadi.

Jioni ilikwenda vizuri sana. Kadi nyeusi zilisomeka kama maandiko. Sikukosea hata mara moja! Kila ngoma ilipoisha nilitazama chini, nikamwona Delphine anacheka na mtu mwingine, nikajisemea, ngoja tu.

Ikafika zamu yenyewe. Nikatangaza ngoma ya mwisho kabla ya walsi. Nikangoja mistari ipangwe, jozi kumi safu ya kulia, jozi kumi safu ya kushoto, kila safu na mistari yake miwili. Nikafundisha hatua. Kila mtu akaelewa. Taa zikazimwa, za zambarau zikawaka. Bi Eunice akabonyeza. Pigo likaanza chini chini, lile linaloingilia visiginoni. Na sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa, changamfu: "Tayari, shikaneni mikono!"

Nikafanya yote kwa mapigo sitini na manne. Shuka nikalivuta. Kizibao mabegani kwa kitundikio, kofia juu ya tufe. Ngazi ya tatu nikairuka. Jikoni, mlango, sakafu. Nimefika! Niko chini! Mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja nilikuwa chini muziki ukipigwa, na nikagundua kwamba kule chini kuna joto.

Na kwamba kila mtu ana mwenzi.

Nataka hili liandikwe vizuri. Kwenye kontra watu hutafuta wenzi kabla ya kupanga mistari. Mistari hupangwa kabla ya kufundishwa. Hufundishwa kabla ya muziki. Muziki ukishaanza hakuna aliye wazi. Hili analijua hata aliyekuja jana. Na kila mara, anayelitangaza ni mimi. "Tafuteni wenzi!" Nimesema "Tafuteni wenzi!" zaidi ya mara elfu moja katika ukumbi ule. Sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu.

Delphine alikuwa juu kabisa ya safu ya kushoto, karibu na jukwaa. Mwenzi wake Orrin.

Wengine wangekata tamaa. Mimi nina hesabu. Jozi iliyo juu kabisa husogea chini nafasi moja kila mzunguko. Kwa jozi kumi, atafika mkiani baada ya mizunguko tisa. Nikaenda mkiani, karibu na meza ya maji, nikasimama. Atakuja. Sina la kufanya ila kungoja. Ngoma yenyewe itaniletea.

Mzunguko wa pili, jozi iliyofika mkiani ikapumzika kando yangu, kama kanuni ilivyo. Bwana Lyle Hatch, macho yake si mazuri hata mchana. Akaniegemea sikioni akasema leo Alden anaita vizuri, sijui kala nini. Nikakubaliana naye.

Mzunguko wa nne sauti yangu ikasema, "Nawaona hapo chini! Mmependeza!" Ukumbi mzima ukapaza kelele za furaha. Watu wakakipungia mkono kitundikio. Watu ninaowajua! Mmoja akakibusia hewani. Katika maisha yangu yote ya kuita hakuna aliyewahi kunibusia hewani.

Wa tano. Wa sita. Sauti ikanyamaza, miguu ikaendelea. Sketi ya buluu inashuka, nafasi moja, nafasi moja. Anazunguka na huyu, anamwacha, anashikwa na yule. Niliona uso wake wote. Ana kovu dogo kidevuni. Sikujua. Kutoka juu halionekani.

Wa nane. Wa tisa. "Mara ya mwisho!" nikasema kutoka kwenye spika. Kwa fidla ningeinua kidole. Mzunguko mmoja tu! Wa kumi wangekuwa wanapumzika kando yangu, mapigo sitini na manne. Nikainua kidole hata hivyo, gizani. Bi Eunice alikiona, naapa alikiona. Akafungua viganja: amri ya kompyuta.

Muziki ukakatika. Na hapo hapo, hatua moja mbele yangu, Delphine akafika mkiani, anahema, nywele usoni. Akaniona.

"Hee! Alden! Wewe si uko kule?"

Akageuka kutazama jukwaa. Kizibao, kofia, tufe. Akanitazama mimi. Akacheka mpaka akamshika Orrin bega asianguke. Hakuwa ananicheka vibaya. Nimelifikiria sana hili, na nina hakika. Orrin naye akasema, "Haya bwana, leo umeshuka kweli! Mchukue, mimi miguu imekufa." Na Delphine akanyoosha mkono, kiganja juu. Akasema, "Basi njoo. Walsi hii yetu, kabla sijaenda."

Kilichobaki ni kuushika.

Spika zikakohoa. Na kwa sauti yangu mwenyewe, ya Jumapili, ya jikoni, zikautangazia ukumbi wote: "Mshukuru mwenzi wako! Na sasa walsi ya mwisho, wawili wawili, taratibu. Mimi msinihangaikie. Nina kadi zangu huku juu. Mimi sihitaji mwenzi."

Mkono wa Delphine ulibaki hewani. Ulikuwa unang'aa zambarau. Akauliza, pole pole, ni kweli?

Nilitaka kumwambia yule ni mimi wa Jumapili iliyopita, na mimi wa leo nina maoni tofauti. Neno moja lingetosha. Lakini watu wa jirani walishaanza kugeuka. Na Orrin alikuwa ananitazama kwa huruma. Huruma! Kutoka New Hampshire! Nikanyoosha mgongo. Nikasema ndiyo, mwitaji akishasema amesema, na akiwa kazini hachezi.

Delphine akasema, "Haya. Nimesikia." Akaushusha mkono.

Nikarudi kupitia jikoni. Ngazi ya tatu nikaikanyaga, ikalia. Walsi ilikwisha kuanza. Nikasimama kando ya kitundikio. Tukawatazama, sisi wawili. Orrin alimkanyaga mara mbili.

Jumapili, 8 Desemba

Bi Eunice alipiga simu kabla ya ibada. Akasema kwa miaka thelathini na minne ya kupigia mazishi hajaona jambo kama lile. Nikasema namshukuru. Akasema halikuwa neno la kushukuriwa.

Akanipa pia salamu za kamati ya ukumbi. Kamati inasema jana niliita kwa ufasaha ambao haujasikika muda mrefu, hasa ngoma ya mwisho. Bwana Lyle ameomba niendelee na mtindo ule ule. Mama aliyekipiga busu kitundikio anasema alihisi namtazama yeye peke yake.

Nikauliza, na Delphine je? Amesema nini?

Bi Eunice akasema Delphine yuko nyumbani anafunga masanduku, mlango wa mbele, kengele inafanya kazi, na kutoka kwangu hadi kwake ni dakika sita kwa gari, kumi kwa theluji hii. Nikamwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Theluji ni nyingi.

Jumanne, 10 Desemba

Siku mbili za kazi nzito, matunda yake ni haya. Nimegundua kosa! Mpango ulikuwa sahihi. Kilichoharibu ni rekodi. Kwa hiyo tangu jana nairekodi upya, kwa ajili ya Jumamosi ya kwanza ya Januari. Nimerekebisha mambo matatu: mizunguko kumi badala ya tisa, mwishoni nasema "Na mimi nashuka sasa!", na kuhusu wenzi, nimeongeza sauti yangu ikisema, kabla ya mistari kupangwa, kwamba kuna mtu atashuka baadaye, na anayemjua amngoje. Sikutaja jina. Linaeleweka. Kitundikio nimekipa tai.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye jaribio la nne, vyombo masikioni, naita kwa nguvu zote. Nilipomaliza nikatoka kuchukua kuni. Mlangoni kulikuwa na chupa ya asali. Kando yake theluji imekanyagika, nyayo ndogo, nyingi, mahali pamoja, kama za mtu aliyesimama kwa muda akibadilisha mguu. Alama za matairi zilikuwa zinaelekea mashariki. Chini ya chupa karatasi:

"Alden, nimebisha mara tatu. Nimekusikia ndani unaita ngoma, unawaambia watu wamependeza, nikajua una wageni, sikutaka kukuharibia. Narudi tarehe 21 kuchukua mizinga iliyobaki. Jioni yake nitacheza, Orrin anaita. Njoo. Siku hiyo kadi ziache nyumbani. D."

Nimeisoma mara kadhaa. Mtego wa wazi! Kwa nini tarehe 21? Kwa nini Jumamosi ya Orrin hasa? Kwa nini niache kadi? Huo ni ushauri wa mtu asiye na kadi. Naona mkono wa Orrin kutoka ng'ambo ya mto.

Nimemjibu Delphine kwa barua, ya adabu, fupi, aione akifika kwa dada yake. Nimemshukuru kwa asali. Nimemweleza kuwa mwezi Januari, Jumamosi ya kwanza, kutakuwa na jambo ambalo hapaswi kulikosa. Ama tarehe 21, nimemwandikia kwa masikitiko, nina shughuli.

Nimebandika stempu. Nimeenda kutazama kalenda.

Tarehe 21 sina shughuli.